Tela Halina Dereva

Barabara kuu itokayo Sirari, mpakani mwa Kenya, hupita Tarime, huvuka Mto Mara penye daraja la Kirumi, hufika Makutano ambako njia za Musoma mjini na Butiama huchepuka, kisha huendelea Kiabakari, Bunda na hatimaye Mwanza. Katika barabara hiyo, pamoja na mabasi na malori makubwa yaendayo nchi jirani, huonekana gari la namna nyingine ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Ni pikapu ya kawaida, ya ukubwa wa kati, iliyofungwa tela nyuma yake. Siku moja tela hilo limebeba boti inayopelekwa ziwani Musoma. Siku nyingine limebeba tangi la maji kwa ajili ya ujenzi wa madarasa. Siku nyingine ni jenereta, mahema na viti vya wageni waendao Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Wako pia watalii wavutao matela ya kulala, yaani vijumba vyenye magurudumu, wakielekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Tena lipo tela lililobeba vitanda, makabati, magunia ya mahindi na kuku wa mtumishi aliyepata uhamisho.

Tela la namna hiyo halina injini, halina usukani, na mara nyingi halina breki. Halina macho ya kuona ng'ombe wanaovuka barabara, wala halina hofu ya mteremko. Hufuata tu linakovutwa, na likishapata mwendo hudai kuendelea na mwendo huo hata kama dereva aliye mbele amekwisha kubadili nia. Kwa sababu hiyo inafaa watumishi wa umma, ambao kila siku huagiza magari, hutia saini vitabu vya safari na kupanga uhamisho wa wenzao, walitazame jambo hili kwa makini kuliko linavyotazamwa sasa.

Swali linaloulizwa kila mara kabla ya safari ni moja: "Gari lina nguvu?" Dereva hujibu kwamba lina nguvu, na kweli anasema kweli. Pikapu nyingi za siku hizi, ziwe Toyota Hilux, Ford Ranger, Isuzu au Mitsubishi, zina injini za dizeli zenye uwezo wa kukokota mzigo mkubwa kupanda kilima. Lakini swali lenyewe limeulizwa upande. Kuvuta si kazi ngumu kwa gari hilo. Kazi ngumu ni kusimama, kukata kona, kumkwepa mtoto wa shule mwenye baiskeli, na kuteremka kilima bila kusukumwa kutoka nyuma. Injini huonyesha nguvu zake wakati wa kuondoka, bali usalama hupimwa wakati wa kusimama.

UZITO HAUJUI CHEO

Kila mtengenezaji wa gari huandika katika kitabu cha gari uzito ambao gari lake linaruhusiwa kuvuta. Jambo ambalo wengi hawalisomi ni kwamba uzito huo huwa wa namna mbili: wa tela lenye breki zake lenyewe, na wa tela lisilo na breki. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa mno. Baadhi ya aina za Toyota Hilux zilizotengenezwa tangu mwaka 2015 zimeruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Gari hilo hilo, likifungwa tela lisilo na breki, huruhusiwa kilo 750 tu. Injini ni ile ile, dereva ni yule yule, lakini kinachosimamisha mzigo ni kingine.

Sasa na utazamwe mfano wa mwalimu anayehama kutoka shule moja ya Bunda kwenda shule nyingine karibu na Butiama. Amepewa pikapu na tela dogo la magurudumu mawili lililoundwa na mafundi wa mtaani, lisilo na breki. Tela lenyewe, likiwa tupu, lina uzito wa kilo 350. Mwalimu anapakia magunia manne ya mahindi, kila gunia kilo 100. Kwa kuwa anajenga nyumba huko aendako, anaongeza mifuko sita ya saruji, kila mfuko kilo 50. Hapo hajapakia kitanda wala kabati, na tayari mzigo ni kilo 700. Pamoja na uzito wa tela, jumla ni kilo 1,050. Amepita kikomo cha kilo 750 kwa kilo 300 nzima, na kwa macho ya mtu aliyesimama kando ya barabara tela hilo linaonekana kama limejaa nusu tu.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Watu hupima mzigo kwa macho, na macho hupima ukubwa, hayapimi uzito. Godoro ni kubwa lakini ni jepesi. Saruji ni ndogo lakini ni nzito. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200 za maji matupu, bila ya pipa lenyewe. Mtumishi anayeidhinisha safari hana budi kuhesabu kwa kalamu, si kwa jicho.

Hesabu haiishii kwenye tela. Pikapu yenyewe ina kikomo chake, na kila kilichomo ndani yake ni sehemu ya kikomo hicho: dereva, abiria, vifaa vilivyo nyuma, na ule uzito wa mkono wa tela unaoegemea nyuma ya gari. Ikiwa gari limeruhusiwa kubeba kilo 900, na ndani wamo watu watano wenye wastani wa kilo 70, hao peke yao ni kilo 350. Mkono wa tela ukiegemea kwa kilo 100, zinabaki kilo 450 tu kwa vitu vyote vingine. Aliyejaza pikapu mpaka juu, kisha akafunga na tela nyuma, hakugawa mzigo bali ameujumlisha.

ELIMU YA MAKSAI NA NIRA

Baada ya uzito huja mpangilio wa mzigo, na katika jambo hili mkulima wa Bunda ana elimu ya kutosha kumfundisha mwenye stashahada. Mkulima anayetumia mkokoteni wa maksai anajua kwamba mkokoteni wa magurudumu mawili ni mizani. Akiweka mzigo mwingi nyuma ya ekseli, mti wa kuvutia huinuka, nira hupanda na kuwakaba maksai koo. Akiweka mwingi mno mbele, nira huwakandamiza shingo na maksai hulala njiani. Kwa hiyo hupanga magunia yake hivi kwamba mti uegemee kidogo juu ya nira: usiwe mzito, wala usielee. Wapagazi wa zamani waliobeba mizega mabegani waliijua kanuni hiyo hiyo.

Pikapu ni maksai, na tela ni mkokoteni. Kanuni inayofuatwa na madereva wengi wazoefu ni kwamba sehemu ya kumi hivi ya uzito wa tela iegemee kwenye kiungo cha gari, mradi isizidi kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari na wa kiungo hicho. Tela la kilo 700 liegemee kwa kilo 70 hivi. Mzigo mzito uwekwe chini, karibu na ekseli, mbele yake kidogo, na vitu vyepesi ndivyo viwekwe juu na nyuma. Mzigo wote ufungwe kwa kamba imara, kwa sababu mzigo uliopangwa vizuri Musoma na ukateleza nyuma kabla ya Kiabakari haukupangwa.

Kupima egemeo hilo hakuhitaji mtambo wa kigeni. Katika vijiji vinavyolima pamba kuna mizani za kununulia pamba. Tela likiwekwa mahali tambarare, magurudumu yake yakazuiwa kwa mawe, na mkono wake ukaegemezwa juu ya mizani ya sahani kwa kipande cha mbao chenye kimo sawa na kimo cha kiungo cha gari, mizani itasema kweli kwa dakika moja. Uzito wa tela zima waweza kupimwa penye mizani ya magari, kama zile zitumiwazo na viwanda vya kuchambulia pamba. Mkoa unaopima pamba ya mkulima kilo kwa kilo hauna sababu ya kukisia uzito wa tela lenye roho za watu mbele yake.

Walimu wa fizikia watalitambua somo hili mara moja, kwa kuwa ni lile la nyenzo. Ikiwa umbali kati ya ekseli mbili za pikapu ni mita 3, na kiungo kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, basi kilo 100 zinazoegemea kwenye kiungo huongeza kilo 140 kwenye magurudumu ya nyuma na kupunguza kilo 40 kwenye magurudumu ya mbele. Na magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha. Anayezidisha egemeo huunyang'anya usukani nguvu yake. Anayelipunguza mno hupata balaa jingine, ambalo ni baya zaidi.

TELA LINAPOPIGA MKIA

Balaa hilo ni kuyumba. Tela lililoelemewa nyuma, au linalokwenda kasi mno, huanza kupiga mkia kushoto na kulia. Huanza kidogo, pengine kwa sababu ya upepo wa ziwani unaovuma kutoka ubavuni, au kwa msukumo wa hewa wa basi linalopita kwa kasi. Kama mwendo ni mkubwa, kila pigo huwa kubwa kuliko lililotangulia, mpaka tela linaligeuza gari lililokuwa likilivuta.

Dereva asiyefundishwa hufanya mambo mawili kwa silika, na yote mawili huongeza hatari. Hukanyaga breki kwa nguvu, na huzungusha usukani huku na huku akijaribu kulifukuza tela. Dawa ni kinyume chake. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani kwa mikono miwili ukiwa umenyooka, aache mwendo upungue wenyewe. Ikiwa tela lina breki za umeme zenye kitufe cha mkono, avute breki za tela peke yake polepole. Gari likishatulia, atafute mahali salama, asimame, apange mzigo upya. Asijidanganye kwamba tatizo limekwisha kwa sababu tela limeacha kuyumba. Sababu yake ingali imefungwa nyuma.

Kinga iliyo bora kuliko dawa hiyo ni mwendo mdogo. Nguvu iliyomo katika gari linalokwenda haiongezeki kwa kadiri ya mwendo peke yake, bali kwa mraba wa mwendo. Anayetoka kilomita 60 kwa saa akaenda 80 ameongeza mwendo kwa theluthi moja, lakini nguvu ambayo breki zake zitapaswa kuizima imeongezeka kwa karibu asilimia 78. Kwa pikapu yenye tela, kilomita 80 kwa saa ni mwendo wa kutosha katika lami iliyonyooka na kavu, na katika barabara ya changarawe nusu ya hapo si woga. Nafasi kati yake na gari lililo mbele iwe ya sekunde tano. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tano ni zaidi ya mita 110, yaani urefu wa kiwanja cha mpira.

Katika miteremko, gia ndogo ichaguliwe kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko baada ya breki kupata moto. Breki zilizochemka hulegea, na hakuna maombi yanayozipoza upesi. Na dereva akumbuke kwamba tela hukata kona kwa ndani kuliko gari lake. Katika mitaa ya Musoma na Bunda, yenye watembea kwa miguu, baiskeli na bodaboda, gurudumu la tela hupita mahali ambapo gurudumu la gari halikupita, na anayeumia ni yule aliyedhani gari limekwisha kumpita.

VITU VIDOGO VYENYE GHARAMA KUBWA

Ajali nyingine haziletwi na uzito wala mwendo, bali na kitu kidogo kilichopuuzwa. Kiungo cha tela ni tufe la chuma ambalo hufunikwa na kikombe cha mkono wa tela. Yako matufe ya milimita 50, na yako mengine ya kipimo cha inchi yenye kipenyo cha karibu milimita 47.6. Kwa macho hayatofautiani, na kikombe cha tufe kubwa hukaa vizuri juu ya tufe dogo mpaka gari litakapopita tuta la kwanza. Hapo kikombe huruka, na tela huanza safari yake peke yake. Kipimo cha tufe na cha kikombe kisomwe, visikisiwe.

Kwa sababu hata kiungo kizuri chaweza kushindwa, iwepo minyororo miwili ya usalama, iliyopishanishwa kwa umbo la msalaba chini ya mkono wa tela, ili mkono ukianguka udakwe na minyororo badala ya kuchimba lami. Kamba ya katani si mnyororo, na waya wa kufungia mabati si pini ya usalama.

Taa za tela ziwake pamoja na taa za gari: za nyuma, za breki na za kuonyesha upande. Mzigo mrefu huzificha taa za pikapu, na anayekuja nyuma usiku huona giza lililosimama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa kwa ajili ya mabasi peke yake, nayo inalihusu pia gari la mradi na la shule. Likitokea la kuharibikiwa njiani, pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha. Matawi ya miti, ambayo yamekuwa desturi ya barabara zetu, hayaonekani vizuri usiku, na mara nyingi huachwa barabarani baada ya gari kuondoka, yakawa hatari kwa mwingine.

Tairi za tela huchakaa kwa kukaa kuliko kwa kutembea. Tela lililosimama juani miaka mitatu nyuma ya ofisi laweza kuwa na tairi zenye kashata nzima na mwili uliopasuka. Zipimwe upepo zikiwa baridi, na liwepo tairi la akiba linaloingia katika rimu za tela lenyewe. Beringi za magurudumu zitiwe grisi. Jambo hili linawahusu hasa wavuta boti wa Musoma. Tela la boti linapofika ufukoni baada ya mwendo mrefu, beringi zake huwa za moto. Likizamishwa majini papo hapo, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa ghafla, na maji huvutwa kuingia penye grisi. Kutu huanza siku hiyo, na gurudumu huchomoka siku nyingine. Dawa yake ni kungoja vituo vipoe kabla ya kuzamisha, na kutia grisi mpya mara kwa mara.

Dereva anayetoka Musoma na tela asimame Makutano, ashuke, aguse vituo vya magurudumu kwa uangalifu kuona kama kuna kilichopata moto, akaze nati, atazame minyororo na kamba, ndipo aendelee. Dakika kumi hizo ni sehemu ya safari. Naye anayejifunza kurudi nyuma na tela ashike usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, tela litakwenda kushoto, mkono ukienda kulia, litakwenda kulia. Ajifunze hayo uwanjani, penye nafasi, si ufukoni penye watoto wanaoogelea.

Na waendao Serengeti wakati wa masika wakumbuke udongo mweusi wa mbuga. Pikapu peke yake yaweza kujinasua katika udongo huo. Pikapu yenye tela imefungwa nanga. Mara nyingi busara ni kuliacha tela mahali salama na kuingia na gari tupu.

WATU SI MZIGO WA TELA

Yote yaliyosemwa yanahusu mzigo usio na roho. Lipo jambo moja ambalo halihitaji hesabu. Tela la mizigo si mahali pa kukaa mtu. Hata hivyo, siku ya uhamisho, siku ya msiba au siku ya sherehe, watu hupanda juu ya mizigo iliyo kwenye tela, na mara nyingi wanaopandishwa huko ni vijana na utingo, kwa sababu nafasi za mbele zimekwisha kutwaliwa na wakubwa. Aliyekaa kwenye tela hana mlango, hana mkanda, hana njia ya kumjulisha dereva kwamba kuna jambo. Tela likipinduka, huwa chini yake. Anayeruhusu jambo hilo hawezi kulisingizia bahati mbaya.

Watu wa Mara ni watu wa ziwa, na ziwa limekwisha kufundisha somo hili kwa gharama isiyosahaulika. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Meli ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, na uthabiti wake majini ulikuwa na kasoro. Meli na tela ni vitu tofauti, lakini kanuni ya uzito na mizania haibadiliki kwa kutoka majini kuja nchi kavu. Aidha, tarehe 12 Aprili 1984 taifa lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro. Barabara haimtambui mwenye cheo.

AGIZO LA MKUBWA HALIPUNGUZI UZITO

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Ajali inapotokea, anayehojiwa kwanza ni dereva. Ndivyo inavyopasa, kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Lakini dereva wa ofisi ya umma mara nyingi hakupanga mzigo, hakuchagua tela, wala hakupanga saa ya kuondoka. Amekuta tela limekwisha kupakiwa, na karatasi imekwisha kutiwa saini. Akisema kwamba mzigo ni mwingi, huambiwa kwamba mkubwa ameagiza, na kwamba wako madereva wengine wanaotafuta kazi. Naye ana watoto wa kulisha. Hukaa kimya, huwasha gari.

Ukimya huo ndio unaoua. Agizo la mkubwa laweza kubadilisha ratiba, laweza kubadilisha njia, lakini haliwezi kupunguza kilo moja ya tela wala kuongeza mita moja ya breki. Kwa hiyo ofisa anayeagiza tela livutwe awe na wajibu sawa na dereva anayelivuta, na dereva anayekataa tela lililozidi uzito atazamwe kuwa ni mtumishi aliyetimiza wajibu wake, si mkaidi.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yanahitaji fedha, na fedha hazipo. Hoja hiyo ina ukweli wake upande mmoja. Tela lenye breki zake lina bei kubwa kuliko tela la kuunda mtaani, na safari mbili hutumia dizeli zaidi kuliko safari moja. Lakini wakati mzigo ni mkubwa kweli, kukodi lori dogo kwa safari moja ni nafuu kuliko kuitesa pikapu ya ofisi mpaka gia na klachi zife. Na mengi yaliyotajwa hapa hayana bei. Kusoma kitabu cha gari hakuna bei. Kupanga saruji karibu na ekseli badala ya nyuma hakuna bei. Kumshusha kijana kutoka juu ya tela hakuna bei.

Yapo basi mambo machache ambayo kila ofisi, shule na mradi wenye tela waweza kuyaanza bila kungoja waraka. La kwanza, tela lipimwe likiwa tupu, na uzito wake, pamoja na uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba, uandikwe kwa rangi ubavuni, mahali ambapo kila mpakiaji ataona. La pili, katika kitabu cha safari pawe na mstari wa tela: uzito, kiungo, minyororo, taa, tairi, pamoja na saini mbili, ya dereva na ya ofisa. La tatu, dereva asikabidhiwe tela kabla ya kufanya mazoezi ya kulivuta na kurudi nalo nyuma mbele ya mtu anayejua, na leseni yake iwe ya daraja linalostahili kazi hiyo. La nne, uhamisho upangwe mapema, ili mtumishi asilazimike kubeba maisha yake yote kwa tela moja, jioni moja, kwa mwendo wa kulikimbia giza.

Walimu wanayo nafasi ya pekee. Somo la nyenzo, la msuguano na la nguvu ya mwendo hufundishwa kwa michoro ubaoni, kisha husahaulika baada ya mtihani. Tela lililosimama uwanjani mwa shule ni maabara iliyo tayari. Wanafunzi wakipanga mawe mbele na nyuma ya ekseli na kusoma mizani, watalielewa somo, na baadhi yao ndio watakaokuwa madereva, mafundi na maofisa wa usafirishaji wa kesho. Kijana aliyeona kwa macho yake jinsi mkono wa tela unavyoinuka mzigo unapohamia nyuma hatahitaji kuambiwa na askari wa barabarani.

Mwalimu yule anayehama kutoka Bunda kwenda Butiama ana haki ya kufika na mahindi yake, saruji yake, na watoto wake. Pengine atafika kwa safari mbili badala ya moja. Pengine saruji itatangulia kwa lori na familia itafuata kwa basi. Majirani watakaompokea hawatauliza alikuja kwa safari ngapi. Watahesabu waliofika, na hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kutimia.